Jaribio la Mama Mkwe

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua Likasi atakwambia, na bado kazi niliyoichagua ni ya kunyamaza. Nakaa kando ya mtu anayejaribu tovuti kwa mara ya kwanza, nampa jambo la kufanya, kisha nafunga mdomo nione anakwama wapi. Nilijifunza hivyo kwa siku mbili Lubumbashi. Mwalimu wetu alitutaka tukalie mikono yetu wenyewe, kwa sababu mikono huanza kusaidia kabla ya mdomo. Niliporudi niliandika NYAMAZA kwenye karatasi kwa kalamu nene na kuibandika ukutani mwa ofisi. Stanislas alidhani ni kwa ajili ya wageni.

Stanislas ni mwenzangu. Tuko wawili tu, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: yeye anatengeneza tovuti, mimi nawaleta watu wazijaribu. Ni fundi, sitamnyima sifa yake. Lakini akimwona mtu amekwama mbele ya skrini hawezi kujizuia. Anaruka kitini, ananyoosha kidole, anampokonya mtu simu mkononi na kumrudishia kazi ikiwa imekwisha.

Siku zile tulikuwa na tovuti ya Mama Christiane, yule anayekodisha maturubai na viti vya sherehe. Huku kwetu turubai hilo tunaliita bâche, na hakuna arusi wala matanga yanayokwenda bila bâche. Mama Christiane alichoka kuagizwa kwa simu huku mboga zikiungua jikoni, akataka watu waagize wenyewe kwenye tovuti. Basi Stanislas akamtengenezea, ikapendeza, ikafunguliwa. Wiki mbili zikapita na hakuna hata mtu mmoja aliyeagiza. Mboga za Mama Christiane ziliendelea kuungua.

Jumatatu nilileta watu wanne waijaribu. Wa kwanza alikuwa Papa Étienne, karani mstaafu, mtu wa miwani na utaratibu. Alifika ukurasa wa pili akasita, kidole hewani.

"Weka mia mbili tu, papa!" Stanislas akapiga kelele kutoka upande wa pili wa meza. "Pale, pale! Sasa finya ile ya bleu!"

Papa Étienne akafinya ile ya bluu. Ikawa hivyo kwa wa pili, wa tatu na wa nne, nami nikimkanyaga Stanislas mguu chini ya meza hadi kiatu chake kikabadilika rangi.

"Unaona?" akaniambia baadaye, meno yote nje. "Batu inne, bote balifaulu."

"Balifaulu wapi? Weye njo ulifaulu mara inne!" nikamjibu. "Kule ku nyumba yabo uko? Utafinya na kidole yako mu nyumba ya kila muntu?"

Alikasirika, nikakasirika zaidi, tukashinda siku nzima bila kusemeshana. Kusema kweli, hiyo ndiyo siku ya kwanza Stanislas kunyamaza kama mwalimu wangu alivyotaka, na hakukuwa na mtu wa kujaribu tovuti.

Lakini akili yake haikuwa kwa Mama Christiane. Ilikuwa kwa Deborah, mchumba wake, na hasa kwa Mama Berthe, mama yake Deborah. Kujitambulisha kulikwisha fanyika tangu mwaka jana, ndugu wote wamekubali, imebaki tarehe ya arusi tu. Tarehe haitoki kwa sababu Mama Berthe haelewi Stanislas anafanya kazi gani. Mama Berthe anauza samaki wa Kapolowe katika soko la Kikula, na hoja yake ni fupi. "Minye nikiuza, muntu anaenda na samaki," alimwambia binti yake. "Yee, muntu anaenda na nini?"

Jumapili ya wiki ile familia ilikuwa ikutane Mulungwishi kwa kaka mkubwa wa Mama Berthe, na kaka angemuuliza mbele ya wote: huyu kijana anafanya nini? Mama Berthe akasema hatajibu jambo asilolijua. Atakuja ofisini Alhamisi aone kazi hiyo kwa macho yake. Akiiona na kuiamini, atatoa tarehe. Asipoiamini, hatatoa, na Stanislas angoje tena mpaka mkutano mwingine, Mungu anajua lini.

"Joëlle, nitafanya namna gani?" Stanislas akaniuliza Jumatano, uso umemshuka. "Siwezi hata kumuelezea."

Ni kweli, hawezi. Yeye na Mama Berthe wote ni watu wa asili ya Kasai, na heshima ya ukwe kwao si mchezo. Tangu siku ya kujitambulisha Stanislas hampi mama mkwe mkono, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na hasemi naye ana kwa ana. Likiwapo neno, linapita kwa mtu wa tatu. Si chuki hata kidogo. Kadiri anavyomheshimu ndivyo anavyokaa mbali naye.

Nilimtazama. Nikatazama ile karatasi yangu ukutani. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka mwenye duka la dawa akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

"Mama Berthe atajaribu tovuti," nikasema. "Yee mwenyewe. Na weye utakuwa hapa, mu chumba, mwanzo mpaka mwisho."

"Na akikwama?"

"Akikwama, hautasema kitu. Si bukwe inakukataza?"

Nakuambia, sijawahi kuona mtu akibadilika rangi vile. Alikuwa amepata mtu mmoja duniani ambaye hawezi kumsaidia, na mtu huyo ndiye aliyeshika tarehe ya arusi yake.

Alhamisi saa nne Mama Berthe akafika, kitenge kipya, kitambaa kichwani kimefungwa kwa hasira, Deborah nyuma yake na kikapu cha mikate, ile ya kukaangwa. Stanislas alikuwa amekwisha geuza kiti chake kikaelekea ukuta. Aliinamisha kichwa, akasalimia ukuta. Mama Berthe akaitikia kwa kuusalimia mlango. Mimi nikashika midomo yangu kwa vidole viwili.

Nilikuwa nimepanga hivi: Mama Berthe anashika simu ya ofisi, na kila anachokigusa kinaonekana kwenye kompyuta ya Stanislas pale ukutani. Stanislas anaona kila kitu, ila amempa mama mgongo. Nikamweleza mama kwamba hatumjaribu yeye, tunaijaribu kazi, na kwamba kila kinachomjia kichwani akiseme kwa sauti.

"Kila kitu?" akauliza.

"Kila kitu, mama."

"Deborah, umesikia. Hata unikanye, nitasema."

Nikamwambia awaze kuna sherehe nyumbani kwake, anataka bâche na viti.

"Sherehe gani?"

"Yoyote, mama."

Akautazama mgongo wa Stanislas kwa muda. "Tuseme mariage," akasema. Deborah, kusikia neno arusi, akainamia kikapu. Mgongo wa Stanislas ukanyooka mara moja. "Tuseme tu," Mama Berthe akaongeza. "Ni mufano."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya arusi, fahari ya Stanislas, aliipiga mwenyewe. Mama Berthe akaanza kuhesabu viti kwenye picha kwa ncha ya kidole. "Moja, mbili, tatu... Niko naona kumi na mbili. Minye niko na batu mingi, hii kumi na mbili ni ya nani?" Akagusa kiti kimoja cha pichani. Hakuna kilichotokea. Akagusa kingine. "Biti byake biko nakataa." Akagusa bibi arusi.

Kidole cha Stanislas kilikuwa kinafinya meza, peke yake, mahali hasa ambapo kitufe kingekuwa.

Dakika nzima ikapita kabla mama hajakiona kile kitufe cha kuagiza, kidogo, rangi ya majivu, chini kabisa. "Hii njo mulango?" akashangaa. "Mulango banauficha nyuma ya nyumba?" Nikaandika hayo kwenye daftari langu neno kwa neno. Watu wanne wa Jumatatu hawakuwa wameniambia hata nusu ya hayo.

Kisha akafika ukurasa wa pili, pale pale Papa Étienne aliposita. Ukurasa unauliza: wageni wangapi? Usipojibu, hauendi mbele.

Mama Berthe akaiweka ile simu magotini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bageni ngapi," akasoma. "Nani anahesabu bageni?"

Nilikalia mikono yangu.

"Deborah, siku ya ubatizo ya kaka yako tulialika batu ngapi?"

"Makumi munane, mama."

"Balikuya ngapi?"

"Hatujue, mama."

"Hatujue! Juu bageni habahesabiwe. Muntu anakuya, unamupatia kiti, basi. Sasa nikiweka mia mbili, na ya mia mbili na moja anafika, ni mama mukubwa yangu, anatoka Kasai na kamion, nitamuambia nini? Nitamuambia internet ilikukataa?"

Deborah alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Kutoka ukutani ikatoka sauti ndogo, kama ya mtu aliyekanyagwa. Stanislas akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkononi mwake kulikuwa na kikaratasi. Nikakisoma: MWAMBIE AWEKE 200!!! Nikakikalia pamoja na mikono.

Mama Berthe akawaza, akaandika sifuri. Tovuti ikamjibu kwa maandishi mekundu: ERREUR.

Hata mimi niliacha kucheka, maana niliona uso wake. Alikuwa mwanamke mzima, aliyelea watoto saba na kulisha nusu ya Kikula, na kitu kimemwambia amekosa. Akaiweka simu mezani taratibu.

"Mama Joëlle," akaniambia, naye alikuwa anausemesha ukuta, "umuambie ule mwenye alifanya hii kintu. Muambie: ni kazi ya muntu mwenye hayajapokea mugeni hata siku moja."

Iliniuma, tena iliniuma kwa niaba ya mwenzangu, ambaye ningeweza kumpiga Jumatatu na ambaye Alhamisi nilitamani kumkumbatia. Arusi yake ilikuwa imeanguka pale pale, mbele ya maandishi mekundu aliyoyaandika kwa mkono wake. Na hakuweza kusema hata nusu neno la kujitetea.

Lakini nilikuwa nimelipa nauli ya Lubumbashi kwa ajili ya swali moja, na sasa ndio wakati wake. "Mama," nikasema, "kama haiko tovuti, kama ni weye na Mama Christiane tu, mutasemana namna gani?"

"Ah! Ile ni mwepesi." Uso wake ukafunguka. "Minye naangalia parcelle. Yetu ya Kikula, ukipanga muzuri, inabeba bâche tatu. Basi namuambia: mama, leta bâche tatu. Yee anajua biti ya kila bâche. Mwenye anakosa kiti, atacheza. Mu mariage muntu anakaa kufanya nini?"

Nilimgeukia Stanislas. Nilidhani analia, mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Kumbe anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, na vidole vyake vimekwisha anza kupiga kwenye kompyuta. Watu wote wa Likasi wanapima sherehe kwa kiwanja chao, sisi tukawauliza idadi ya wageni! Papa Étienne alisita kwa sababu hiyo hiyo. Angetuambia, lau tungemwacha afungue mdomo.

Tukaomba nusu saa. Deborah akagawa mikate na chai. Fungu la Stanislas akaliweka juu ya kabati, chini ya sahani, kwa kuwa hawezi kula mbele ya mama mkwe, na harufu ikamfuata pale ukutani akifanya kazi na njaa yake. Mama Berthe alikula mitatu. Nikaona analitazama lile fungu la kabatini mara moja, mara mbili, halafu anautazama ule mgongo uliolowa jasho.

"Tangu tumefika hayajapumzika," akanong'ona.

"Njo kazi yake, mama," nikasema. "Weye unasema, yee anajenga."

Mara ya pili picha ya arusi ilikuwa imepunguzwa, na kitufe cha kuagiza kimekaa juu, kikubwa, chekundu kama nyanya. Ukurasa wa pili haukuuliza wageni tena. Ulichora kiwanja, na chini yake: bâche ngapi? Mama Berthe akagusa moja, turubai likatokea kwenye kiwanja na viti vyake chini. Akagusa tena, likatokea la pili.

"Eh! Eh! Deborah, angalia! Iko najipanga!"

Akagusa la tatu. Akalifuta, akaliweka tena kwa raha tu. Alipofika mwisho nilimwomba asifinye kitufe cha kutuma, kwa kuwa kingempelekea Mama Christiane oda ya kweli. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Nimeona," akasema. Basi. Akaaga mlango, Stanislas akaaga ukuta, mama na binti wakaondoka.

"Nimeona ni nini?" Stanislas akanirukia hata kabla hatua zao hazijaisha nje. "Ni ndiyo? Ni apana? Alisema na uso gani? Minye siwezi kuangalia uso yake, weye ulikuwa unaangalia nini?"

"Kula mikate yako," nikamwambia, maana sikujua.

Ijumaa hakula. Jumamosi alibadilisha rangi ya kitufe mara tisa. Jumapili alasiri alikuja kwetu, akakaa uani na kompyuta magotini akijifanya anafanya kazi. Kule Mulungwishi mkutano ulikuwa umeanza tangu saa nane. Deborah hakushika simu. Mimi nilikuwa namenya mihogo na kujizuia nisimtupie ganda.

Saa kumi na nusu simu ya Stanislas ikalia. Alikuwa Mama Christiane, na sauti yake ilitoka nje ya simu mpaka kwa jirani.

"Stanislas! Iko kintu imeingia! Peke yake! Hakuna muntu alinipigia! Fungua uone!"

Akafungua. Oda ya kwanza ya tovuti ile tangu izaliwe. Niliacha mihogo nikaja kusoma juu ya bega lake.

Jina: Berthe. Mahali: Kikula. Sherehe: mariage. Na tarehe ilikuwa imejazwa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane.

Stanislas aliisoma tarehe mara tatu. Nikapiga yowe kwa niaba yake, nikaruka, bakuli la mihogo likapinduka. Kisha nikaona mstari wa bâche. Uliandikwa nne.

"Alikosea," Stanislas akasema kwa sauti nyembamba. "Parcelle yao inabeba tatu. Alisema tatu. Joëlle, tovuti bado haieleweke, lazima nibadilishe..."

"Soma chini."

Chini kulikuwa na kile kisanduku cha maneno ya kuongeza, ambacho Stanislas alitaka kukiondoa kwa sababu hakuna anayekitumia. Mama Berthe alikuwa amekitumia. Aliandika: *Ya inne muiweke inje, ku avenue, mbali na yangu. Ni ya mukwe yangu. Akule muzuri siku ile, bila kunionea haya.*

Deborah alitusimulia baadaye. Mama yake aliandika oda palepale mkutanoni, mbele ya ndugu wote. Yule kaka mkubwa alipouliza kijana anafanya kazi gani, mama alisema, "Ngoja nikuonyeshe," akavaa miwani. Deborah alitaka kumshikia simu, akafukuzwa: "Kaa na unyamaze, sawa na bwana yako."

Stanislas alikuwa analia wazi sasa, bila ukuta wa kugeukia. Mama Christiane bado alikuwa kwenye simu, naye analia vilevile, anasema oda hii aikubali Stanislas mwenyewe, yeye hataigusa.

Stanislas akafuta macho kwa mkono wa shati, akaisogelea skrini. Akaenda juu, akaenda chini. Akagusa jina, halikufanya kitu. Akagusa tarehe.

"Joëlle," akasema, "ya kukubali ninafinya wapi?"

Kitufe alikiweka mwenyewe. Nilikuwa nakiona kabisa, pembeni kulia, rangi ya majivu. Nikakaa chini juu ya kigoda, nikakalia mikono yangu yenye mihogo, nikafunga mdomo.

Alitumia dakika moja na nusu kukipata. Nikaandika kwenye daftari.